Povu zito la kunyolea kwa brashi na sabuni: anzia kwenye maji

Nilipohama Moshi kwenda Dar es Salaam nilibeba brashi yangu ya kunyolea na sabuni ileile niliyoizoea kwa miaka. Asubuhi ya kwanza kule Mbezi nilizungusha brashi mpaka kiwiko kikauma. Nilichopata ni maji meupe yenye mapovu makubwa kama ya beseni la nguo, yakateremka kidevuni hadi kwenye fulana kabla sijashika wembe. Nikadhani sabuni imeharibika safarini, nikanunua nyingine. Mambo yakawa yaleyale. Wiki ya pili mvua ikanyesha, nikakinga ndoo, na kwa maji yale ya mvua sabuni ya zamani ikatoa povu zito kama mtindi. Kumbe mkosaji alikuwa kisima tulichokuwa tukichota.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu povu, namwuliza kwanza anatumia maji gani. Brashi huja baadaye, na jina la sabuni baadaye zaidi.

Povu la kunyolea ni sabuni, maji na hewa. Hewa huingia yenyewe brashi ikizunguka, haihitaji kuhangaikiwa. Kazi ya sabuni ni kuyashika maji yasiteremke, yakae juu ya ngozi. Na maji hayo ndiyo yanayolainisha unywele na kuufanya wembe uteleze. Ndiyo maana povu lililojaa hewa tupu hupendeza kwenye kioo lakini shavu linaungua. Ukilifinya kati ya vidole linayeyuka, vidole vinabaki kama havikugusa kitu.

Yajue maji yako

Maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa hubeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana nayo hugeuka utando mweupe usioyeyuka, ule unaoshika kwenye beseni baada ya kuoga, na sabuni iliyogeuka hivyo haitoi povu tena. Maji magumu hujilia fungu lake kwanza, wewe ukaambulia masalio. Visima vingi vya ukanda wa pwani viko hivi, na vingine vina chumvi juu yake, ambayo nayo huizuia sabuni kuyeyuka. Maji ya mabwawa yanayojazwa na vijito vya milimani, kama yanayoteremka Nairobi kutoka Ndakaini, kwa kawaida ni laini. Aliyebahatika hivyo aruke sehemu hii.

Kipimo hakina gharama. Chukua chupa mbili tupu za maji za nusu lita. Moja itie maji ya bomba au kisima mpaka theluthi, nyingine maji ya mvua kiasi hichohicho. Kwangua sabuni ya kunyolea, utie katika kila chupa kiasi cha punje tano au sita za mchele. Funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika, kisha ziache zitulie. Ya mvua itabaki na povu la kutosha juu. Kama yale mengine yana povu dogo linalokufa mbele ya macho yako, na maji yenyewe yana vipande kama maziwa yaliyokatika, basi ni magumu. Dalili nyingine iko jikoni: birika lenye gamba jeupe la chokaa ndani.

Dawa yake si mtambo. Kunyoa mara moja hakutumii zaidi ya lita moja ya maji, ukihesabu na ya kulowesha brashi. Mimi hukinga maji ya mvua kwenye dumu la lita ishirini baada ya mvua kuosha bati kwanza, na dumu hilo hunitosha majuma mengi. Mvua zikikata, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, bilauri mbili tu. Kuchemsha husaidia pale chokaa inapotuama chini ya sufuria: yaache yapoe, mimina ya juu polepole, acha yenye gamba. Lakini kuna ugumu usiotoka kwa moto, na chumvi haitoki kabisa.

Wengine hutia ndimu ya unga. Inafanya kazi, kwani hushikamana na kalsiamu kabla sabuni haijafika, ila ziwe punje chache tu katika lita. Ukizidisha, asidi hiyo huivunja sabuni yenyewe na utakuwa umetoka kwenye moshi ukaingia motoni.

Sabuni ya kunyolea si sabuni ya mche

Najua wengi tumenyolea sabuni ya kuogea, na wengine ya mche, ile ya kufulia. Povu linatoka, tena haraka, na dakika mbili baadaye shavu ni kavu na wembe unakwaruza. Sabuni hizo hutengenezwa kwa magadi ya sodiamu, na hulengwa kuondoa mafuta na uchafu. Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa potasiamu, au potasiamu na sodiamu pamoja, hivyo huyeyuka upesi kwenye maji kidogo. Tena huwekwa asidi ya steariki kwa wingi, itokayo kwenye mafuta ya ng'ombe au ya mawese, na hiyo ndiyo inayolifanya povu liwe zito na likae. Mafuta ya nazi peke yake hutoa mapovu mengi ya haraka yasiyodumu. Basi ukisoma pakiti, tafuta maneno «stearic» au «stearate» na «potassium» mwanzoni mwa orodha. Yakikosekana, weka chini pakiti hata kama picha yake inavutia.

Sabuni ya kijiti, kama Arko ya Uturuki, ni nafuu na inatoa povu zuri sana. Harufu yake ndiyo inayogombanisha watu. Za kwenye bakuli au kikopo, kama Proraso ya Italia au Tabac ya Ujerumani, ni raha kwa brashi. Krimu ya tyubu ni rahisi kwa anayeanza kwa sababu tayari ina maji ndani. Ukiwa na kijiti na unataka kukitumia kama sabuni ya bakuli, kiparuze kwa kikwaruzo cha karoti, kisha bonyeza unga wake kwenye kikombe kipana cha bati kwa vidole vyenye unyevu. (Usiguse mbuzi ya nazi. Tui lenye harufu ya sabuni halisameheki.)

Brashi

Ziko aina nne utakazokutana nazo. Ya manyoya ya nguruwe ni ngumu, ina nguvu ya kuchota sabuni kavu, na bei yake ni ndogo. Omega ya Italia na Semogue ya Ureno zinasifika kwa hizi. Ya manyoya ya melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye ukoo mmoja na nyegere wetu, ni laini, hushika maji mengi, na ni ghali. Ya farasi iko katikati. Ya nne ni ya nyuzi za kiwandani, na hizi siku hizi ni nzuri mno: hazinuki, hazihitaji kulowekwa, zinakauka upesi. Kwa anayeanza, na hasa kwa anayeishi penye unyevu wa pwani, ningemwambia anunue hiyo asitazame nyuma.

Kwa Mwislamu kuna jambo la kuangalia. Brashi iliyoandikwa «bristle» bila maelezo zaidi mara nyingi ni ya nguruwe, na «boar» ni nguruwe bila shaka. Muuzaji wa sokoni huenda asijue. Nyuzi za kiwandani zinamaliza mjadala.

Brashi mpya ya manyoya ina harufu ya zizi. Ioshe kwa sabuni ya maji na maji ya vuguvugu, piga povu ndani yake, liache usiku kucha, suuza asubuhi. Itapukutisha manyoya machache siku za kwanza, usishtuke. Ya nguruwe ina tabia zaidi: mara kumi za mwanzo humeza povu, unatengeneza bakuli zima halafu unakuta limeishia tumboni mwa brashi. Ncha zake zikishapasuka kwa matumizi hulainika na kuanza kutoa. Na kuiosha brashi mpya si hofu ya bure. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, brashi za manyoya ya farasi yaliyotoka Asia bila kusafishwa sawasawa ziliwaambukiza kimeta askari wa Uingereza na Marekani. Leo manyoya husafishwa kiwandani, lakini brashi ya mitumba nisingeipeleka usoni.

Hatua kwa hatua

*1. Lowesha.* Brashi ya nguruwe iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano au zaidi, yaani ikae humo wakati unaoga. Ya melesi, dakika moja au mbili. Ya kiwandani, ichovye tu. Maji yasiwe ya moto wa chai: huharibu manyoya na gundi inayoyashika kwenye mpini, na povu la moto sana hukauka mapema.

Wakati huohuo dondoshea maji kijiko kimoja juu ya sabuni ngumu ili uso wake ulainike. Uso wako nao unahitaji maji. Unywele wa kidevu ukikaa majini dakika mbili tatu hulegea, na ndiyo maana kunyoa baada ya kuoga ni rahisi kuliko kabla. Kama hukuoga, nawa kwa sabuni ya kawaida, suuza, na uuache uso ukiwa umelowa. Ndevu za wiki nzima zipunguze kwanza kwa mashine.

*2. Kamua.* Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Toa brashi majini, iminye taratibu kwa kiganja, ikung'ute mara mbili tatu mpaka isidondoshe tone. Mwaga maji yaliyo juu ya sabuni. Anza ukiwa na ukavu unaokutia wasiwasi. Maji unaweza kuongeza wakati wowote. Yaliyokwisha kuingia hayatoki.

*3. Chota sabuni.* Zungusha ncha za brashi juu ya sabuni bila kuikandamiza, kama unayepaka rangi kitako cha chungu. Hesabu sekunde thelathini, na kama maji yako ni magumu fika sitini. Mwanzoni utaona mapovu makubwa, puuza, endelea. Yatapungua, kisha ncha zitashikwa na ujiuji mzito kama dawa ya meno. Huo ndio unaoutafuta. Brashi ikitoka na povu jepesi linalopepea, maji yalikuwa mengi: kamua, rudia. Ninaowaona wakishindwa, karibu wote walichota sekunde kumi wakaona inatosha. Sabuni ya kunyolea hudumu miezi, usiionee huruma.

Kwa kijiti, kisugue moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, ukienda kinyume na zinavyoota, mpaka uone tabaka jeupe usoni. Kwa krimu, weka kiasi cha korosho moja katikati ya brashi.

*4. Jenga povu.* Unaweza kujenga usoni au kwenye bakuli. Mimi hujenga usoni, kwa sababu brashi ikizunguka huinua unywele na kusukuma povu hadi shinani. Mwenye vipele au ngozi inayowasha haraka atumie bakuli, amalizie kwa kupaka tu. Bakuli lolote linafaa: la bati, la udongo uliong'arishwa, hata kifuu cha nazi kilichosuguliwa vizuri, ambacho hakiponyoki mkononi hata kikilowa.

Zungusha dakika nzima bila kuongeza maji. Utapata kitu kizito, cheupe mno, kinachonata, chenye vinyuzinyuzi. Anayesimama hapa hudhani amefaulu, maana povu limesimama kama keki. Halijafika. Sasa chovya ncha tu za brashi kwenye maji, au dondoshea matone matano kwa kidole, zungusha sekunde ishirini. Rudia. Kila mara utaona povu linabadilika: linanenepa, linalainika, linaanza kung'aa. Mara nne mpaka sita ni kawaida, zaidi kwa sabuni zenye kiu.

*5. Pima.* Povu lililoiva linang'aa kama mtindi uliotoka kukorogwa, na ukiinua brashi linaacha kilele kinachoinama chenyewe; waokaji wa keki wataikumbuka hali hiyo kwenye ute wa yai uliopigwa. Mapovu hayaonekani kwa macho. Lifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada: vidole viteleze kama vina mafuta, na viendelee kuteleza hata povu likishaondoka. Kipimo hiki cha vidole nakiamini kuliko macho.

Likiwa halina mng'ao, linanata, na linakauka shavuni kabla hujamaliza upande mmoja, lina kiu: ongeza maji. Likiwa linateremka, lina matundu, na ngozi inaonekana chini yake, usiendelee kulipiga ukitumaini litakaza. Rudisha brashi kwenye sabuni sekunde kumi na tano, kisha zungusha tena. Kupiga tu bila kuongeza sabuni huingiza hewa, basi.

*6. Paka.* Maliza kwa mapigo ya huku na huku, kama fundi anayepaka ukuta chokaa, ili tabaka liwe sawa. Unene wa nusu sentimeta unatosha. Rundo la kufunika pua ni la matangazo ya televisheni. Brashi ibaki na povu ndani, utalihitaji.

Jioni moja ya mazoezi

Nisingependa ujifunze haya saa kumi na mbili asubuhi huku daladala inakungoja. Chagua jioni usiyonyoa. Chota sabuni kama ilivyoelezwa, jenga povu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na ongeza maji matone matano kwa matano, ukifikicha vidole kila mara. Usisimame likiwa zuri. Endelea kuongeza mpaka life, ligeuke maji meupe. Hapo utakuwa umeipita hali nzuri na kuona mpaka wake wa juu, na siku ya kunyoa hutakisia. Mara mbili za zoezi hili zilinifundisha zaidi ya miaka mitano ya kubahatisha. Ukibadilisha sabuni, au ukihama mji, lirudie.

Wembe na vipele

Povu zuri halimtetei anayekandamiza wembe. Nyoa kwa mapigo mafupi, uzito wa wembe wenyewe uukate unywele, suuza wembe kila mapigo mawili matatu. Mahali ambapo povu limekwisha ondoka usipapitie tena mpaka upake upya. Ndiyo kazi ya lile lililobaki kwenye brashi, ambalo utaliamsha kwa matone machache ya maji.

Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja kuna jambo la ziada. Unywele uliokatwa chini mno, na hasa kwa kuivuta ngozi, hujikunja na kurudi kuchoma ngozi kutoka pembeni au kwa ndani. Hivyo ndivyo vipele vingi vya shingoni hutokea, wala si uchafu wala sabuni mbaya. Papasa ndevu siku ya pili baada ya kunyoa uone zinaelekea wapi. Shingoni mara nyingi hubadili mwelekeo katikati. Nyoa kufuata mwelekeo huo, mara moja, na ukitaka mara ya pili nyoa kwa upande. Kinyume chake achana nako. Mashavu yatabaki na ukwaru kidogo, na shingo itakushukuru. Aliyekwisha ota vipele vyenye usaha au makovu yanayovimba aweke wembe chini amwone daktari wa ngozi. Hakuna povu litakalotibu hayo.

Wembe ni wa mtu mmoja. Brashi pia, hata kama ni ya ndugu yako wa tumbo moja.

Kuitunza brashi

Suuza brashi kwa maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke safi, na ukimaliza ipitishie maji laini kama unayo. Kung'uta, ifute huku na huku kwenye taulo kavu, isimamishe penye hewa. Kuitundika kichwa chini si lazima. Kuifungia kwenye kopo au mfuko ikiwa mbichi, hasa Tanga, Unguja au Mombasa, ni kuikaribisha ukungu. Sabuni nayo iache wazi mpaka ikauke ndipo uifunike.

Kwa wenye maji magumu, ule utando hujijenga taratibu shinani mwa manyoya. Utaujua pale brashi inapokuwa nzito, ncha zinashikana, na povu linapungua ingawa hukubadilisha kitu. Changanya siki ya kawaida kijiko kimoja cha chakula na maji ya vuguvugu vijiko kumi, chovya manyoya yasifike kwenye mpini, yazungushe dakika tatu au nne, kisha suuza sana. Mimi hufanya hivyo kila mwezi dumu la mvua likiwa tupu, na mara moja kwa msimu likiwa limejaa.